Geoffrey Spicer-Simson

Geoffrey Basil Spicer-Simson (15 Januari 1876 – 29 Januari 1947) alikuwa afisa wa jeshi la wanamaji la Uingereza. Anajulikana hasa kwa kuongoza mapigano dhidi ya meli za Wajerumani katika Ziwa Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Maisha ya awali

Alizaliwa Hobart, Tasmania (Australia). Alijiunga na jeshi la wanamaji mwaka 1890, lakini hakupanda vyeo haraka. Kabla ya vita alifanya kazi za upimaji nchini China na Gambia. Novemba 1914 meli HMS Niger, iliyokuwa chini ya usimamizi wake, ilizamishwa na nyambizi ya Kijerumani karibu na Deal, Uingereza, wakati yeye yuko nchi kavu.

Ziwa Tanganyika

Mwaka 1915 Wajerumani walitawala ziwa hilo kwa meli za Kingani, Hedwig von Wissmann na Graf von Götzen. Spicer-Simson alikabidhiwa boti mbili ndogo za injini, Mimi na Toutou. Zilisafirishwa kwa meli hadi Cape Town, kisha kwa reli hadi Fungurume huko Kongo. Kutoka hapo zilivutwa kupitia milima ya Mitumba kwa matrekta ya mvuke, maksai na nguvu za mamia ya vibarua Waafrika, waliofyeka njia na kujenga madaraja. Zilifika Kalemie mwishoni mwa Oktoba 1915.

Tarehe 26 Desemba 1915 Kingani ilitekwa. Mzinga wake uliweza kulenga mbele tu, hivyo boti ziliishambulia kutoka nyuma. Meli hiyo ilipewa jina jipya la Fifi, na tarehe 9 Februari 1916 iliizamisha Hedwig von Wissmann.

Hata hivyo, Spicer-Simson alikataa kuishambulia Graf von Götzen, iliyokuwa kubwa zaidi. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916 karibu na Kigoma walipokuwa wakirudi nyuma. Baadaye iliibuliwa, na tangu mwaka 1927 ikabeba abiria kwa jina la Liemba.

Miaka ya mwisho

Spicer-Simson alirudishwa Uingereza mwaka 1916 akiwa mgonjwa. Alitunukiwa nishani ya DSO, lakini hakupewa tena uongozi wa vita. Kuanzia 1921 hadi 1937 alikuwa katibu mkuu wa kwanza wa Ofisi ya Kimataifa ya Hidrografia huko Monaco. Alifariki British Columbia, Kanada.