Maisha ya Tony Hancock, muchekeshaji aliyefukuza wenzake

Mara hii sitasema habari ya mukubwa wa inchi wala ya mupiganaji wa sindika. Nitasema habari ya mutu mumoja wa Uingereza, kazi yake ilikuwa paka kuchekesha. Wengi wenu hamujasikia jina lake. Lakini kule kwao, mu mwaka wa 2002, wasikilizaji wa radio BBC walimuchagua kuwa muchekeshaji wao wa kwanza, na alikuwa amekufa tangu miaka 34. Kisha, mu 2014 na mu 2016, wakakamata vipindi vyake vilivyopotea wakavicheza upya, mutu mwingine akisimama mu fasi yake. Namna gani kipindi kinapotea, na nani anakifufua? Tuanzie ku mwanzo.

Anthony John Hancock alizaliwa tarehe 12 Mei 1924, ku Hall Green, mu Birmingham, muji wa mafabriki. Alikuwa bado kadogo, wazazi wakahamia Bournemouth, pembeni ya bahari. Baba yake alikuwa anaangalia hoteli, na mangaribi alichekesha watu. Baba huyo akakufa wakati mutoto alikuwa na miaka kama kumi. Masomo aliyaacha na miaka 15. Mu 1942, wakati wa vita, akaingia mu jeshi la ndege, na kule akaishia mu kundi la kuchekesha askari.

Kisha vita ilikuwa njaa. Mu 1948 akapata kazi ku teatri ya Windmill, mu London. Watu walilipa pale kwa kuangalia wanamuke, hapana kwa kusikiliza wachekeshaji. Kusimama mbele ya watu wanaongojea utoke, hiyo ni shule kali. Mu 1951 akaingia mu kipindi cha radio, Educating Archie, akiwa mwalimu wa mwana wa mbao, wa wale mutu anawasemesha bila kutikisa midomo. Mu radio! Nani aliona midomo? Lakini Waingereza walipenda, na jina la Hancock likatoka.

Sasa tuache Hancock kiloko, twende ku lopitalo. Mu 1948, ku Milford, mu Surrey, kulikuwa sanatoriamu ya wagonjwa wa kifua kikuu. Sisi wa mugodi hatuna lazima ya kufasiriwa kifua kikuu ni nini. Kila kambi iko na nyumba yenye kukijua. Vijana wawili walikuwa wamelala pale, Ray Galton na Alan Simpson, hata miaka ishirini hawajafika, na wote wawili walikuwa wagonjwa sana. Siku za kitanda ni ndefu. Wakaanza kuandika michezo ya kuchekesha kwa radio ndogo ya lopitalo, wagonjwa wanachekesha wagonjwa. Walipopona, wakapeleka karatasi zao ku BBC, na kule njo walikutana na Hancock.

Tarehe 2 Novemba 1954 wakafungua kipindi chao mu radio, Hancock's Half Hour, maana yake nusu saa ya Hancock. Mbele yao, vipindi vya kuchekesha vilikuwa supu ya vitu mingi: nyimbo katikati, mizaha inafuatana mumoja mumoja. Galton na Simpson wakatosha yote ile. Wakabakisha mutu mumoja, nyumba moja, na maneno ya kila siku. Hancock wa kipindi anaishi namba 23, Railway Cuttings, East Cheam, muji usiokuwa ku karte yoyote. Anajiona mukubwa, musomi, mutu wa damu ya juu, kumbe hana kitu, na kila mara anaaibika. Mu kipindi kimoja cha 1958 ni siku ya Mungu mangaribi, mvua inanyesha, hakuna fasi ya kwenda. Nusu saa nzima watu wanachoka tu, wanapiga miayo, wanagombana juu ya bure. Na inchi yote ikacheka, juu kila mutu aliijua siku ile.

Hancock hakuwa peke yake mu nyumba ile. Kulikuwa Sid James, rafiki mujanja wa kumukulia feza, aliyezaliwa Johannesburg, muji wa zahabu. Kulikuwa Bill Kerr, Hattie Jacques, na Kenneth Williams mwenye sauti mingi mu shingo moja. Mu 1956 kipindi kikaingia mu televizyo, lakini radio nayo ikaendelea mpaka 1959. Mu televizyo uso wa Hancock ulifanya kazi sawa mudomo: macho mazito, mashavu yanaanguka, unacheka mbele hajasema.

Hapa njo mwanaume akaanza kukosea. Ninasema vile kama mutu wa sindika, wengine watasema vingine. Alitaka kuwa peke yake. Bill Kerr hakupewa fasi yake mu televizyo. Sauti za Kenneth Williams, Hancock akaona zinaharibu ukweli wa mchezo, zikapunguzwa mpaka Williams akaenda. Mu 1960 akatosha Sid James, aliyekuwa mukono wake wa kuume, juu hakutaka watu waseme Hancock na James sawa vile wanasema chumvi na pilipili. Sid aliumia sana. Mwaka ule ule Hancock alikubali kuulizwa maulizo mu televizyo na John Freeman, maulizo ya ndani kabisa, juu ya maisha na furaha. Watu mingi waliomujua walisema kisha siku ile alianza kujichimba mwenyewe kupita kipimo.

Lazima tuseme haki: mara ya kwanza kufukuza kulifaulu. Mu 1961 alicheza bila Sid, na kulikuwa kipindi cha mutu anayeenda kutoa damu. Anafikiri watatosha tone moja tu. Anaposikia kipimo anashituka, anataka kurudi kwake. Ku mwisho anatoa, anatembea na majivuno, kisha anajikata na kisu ku nyumba, na lopitalo inamurudishia damu ile ile yake. Mpaka leo Waingereza wanakitaja mbele ya vyote. Lakini mbele ya kukicheza alipata aksida ya motokari, hakuweza kujifunza maneno, wakamuandikia ku mbao ili asome. Mukiangalia vizuri, macho yake hayaangalii wenzake, yanaangalia mbao. Na kisha pale hakurudilia tena kujifunza maneno sawa zamani.

Mwaka ule ule wa 1961 akakataa filimu ambayo Galton na Simpson walikuwa wanamuandikia, akaachana nao. Watu waliomupatia mudomo! Wao hawakulia. BBC iliwapa fasi ya kuandika wanavyopenda, na mu 1962 wakatosha Steptoe and Son, habari ya baba na mutoto wanaokusanya vyuma na manguo ya zamani na punda... ninakosa, ni farasi. Ikapendwa na mamilioni, na Wamarekani wakaikopi wakaiita Sanford and Son. Hancock naye akatafuta waandikaji wengine, akaenda ku televizyo ya wapinzani wa BBC, akafanya filimu yake mu 1963. Hakuna iliyosimama. Pombe ilikuwa imemukamata. Bibi wa kwanza akatoka, wa pili akatoka.

Mu 1968 akaenda Australia kufanya vipindi 13. Alimaliza vitatu tu. Mu mwezi wa Juni, ku Sydney, akajiua, na miaka 44. Muchekeshaji mwenzake, Willie Rushton, akaleta majivu yake Uingereza.

Sasa maneno ya kupotea. Vipindi vya kwanza vya televizyo vilikuwa vinachezwa palepale, mbele ya kamera, na mingi haikuchungwa. Bande zilikuwa za bei, kwa hiyo walifuta ya zamani waandike ya mupya juu yake. Mu radio vilevile, vipindi kama 20 vya Hancock vikaenda. Na kuko sababu ingine, ambayo mimi sipendi kuiandika lakini nitaiandika: mapatano na sindika. Equity, sindika ya wacheza teatri, na ile ya wapiga muziki, zilizuia kurudilia kipindi mara mingi. Waliogopa kampuni itacheza bande moja miaka kumi na wacheza walale njaa. Woga wao ulikuwa wa haki, ningefanya sawa wao. Lakini kampuni ikajiuliza: kama siwezi kurudilia, nachunga juu ya nini? Ikafuta. Hakuna aliyefikiri kuomba mbili pamoja, kulipa wacheza na kuchunga kazi yao.

Karatasi njo ziliokoa. Maneno ya Galton na Simpson yalibaki yameandikwa. Mimi mwenyewe, ku kazi moja nilikotumika zamani, niliona mapatano ya mushahara ikikanwa, juu kopi yetu ililala mu kabati la mutu mumoja na yule mutu akahama. Tangu siku ile ninaheshimu karatasi.

Kufufua hakukufaulu mara moja. Mu 1996 na 1997 muchekeshaji Paul Merton alikamata maneno yale ya zamani akayacheza mu televizyo kwa namna yake. Wengi wakasikitika: waliangalia Merton, waliona Hancock hayuko. Mu 2014 radio BBC ikaingilia mulango mwingine. Ikakamata paka vipindi vilivyopotea, vile hakuna anayeweza kuvipimisha na vya kwanza. Hancock akachezwa na Kevin McNally, yule muzee wa mashua mu filimu Pirates of the Caribbean. Akatosha sauti sawa ya marehemu kabisa, na wengine wakatosha sauti ya Sid, ya Bill Kerr, ya Williams, mbele ya watu wanaocheka, sawa zamani. Ikapendwa, ikarudiliwa miaka iliyofuata. Mu 2016 BBC ikamuingiza McNally mu televizyo, mu kipindi kilichopotea cha jirani mupya, na juma zile zile ikafufua na Steptoe.

Muone mulongo ule: Sid yuko, Bill yuko, Williams yuko. Wote waliofukuzwa wakarudishwa mu nyumba ya East Cheam, pembeni ya Hancock. Alan Simpson aliona yote ile mbele ya kufa mu Februari 2017. Ray Galton akamufuata mu Oktoba 2018, miaka 70 tangu vitanda vya Milford.