Habib Swaleh na Kiwanja cha Mchangani

Mji wa Lamu umejengwa mtelemkoni. Ashukaye chomboni huona kwanza majumba ya mbele, kisha nyumba zikipanda taratibu hadi kwenye vilima vya mchanga. Mji wa namna hiyo haukosi ugomvi wa viwanja. Mvua inyeshapo, maji ya aliye juu humshukia aliye chini, yakifuata vichochoro mpaka pwani. Dirisha la wa juu nalo huchungulia ua wa jirani. Kwa hiyo, nani ajenge wapi, na ajenge kwa mawe au kwa udongo, ni mambo yaliyogusa sharia na heshima za watu tangu zamani.

Katika maisha ya marehemu Sayyid Swaleh bin Alawy Jamal al-Layl, ambaye sote twamjua kwa jina la Habib Swaleh, mambo hayo yalifika mahali pazito.

Alizaliwa Ngazija, katikati ya karne ya 19, katika ukoo wa masharifu wenye asili ya Hadhramaut. Alikuja Lamu angali kijana, akakaa na jamaa zake wa ukoo huo huo, akasoma kwa maulamaa wa mji.

Lamu ya siku hizo ilikuwa na mipaka isiyoandikwa popote, lakini kila mtu aliijua. Kaskazini ilikuwa Mkomani, mtaa wa majumba ya mawe na chokaa, wenye madaka ya kukalia na wikio zilizounganisha nyumba juu ya njia. Huko kiwanja kilikuwa cha ukoo. Binti akiolewa, aliongezewa ghorofa juu ya nyumba ya wazee wake au nyumba ya ubavuni, ili ardhi isitoke mikononi mwao. Kusini ilikuwa Langoni, walikokaa wageni wengi, katika nyumba za udongo na makuti. Yasimuliwa kwamba nyumba ya mawe haikuwa ya kila mwenye fedha. Mtumwa, na mgeni asiye na nasaba mjini, hakutarajiwa kuinua ukuta wa mawe pamoja na waungwana.

Habib Swaleh hakukosa nasaba. Kama angetaka, angekaa kwa utulivu miongoni mwa wakubwa. Lakini yeye alianza kuwasomesha watumwa, wajukuu wa watumwa na watu wa chini, akiwapa elimu ya dini iliyokuwa ya wachache. Baadhi ya wakubwa wa mji walichukizwa. Yeye hakubishana nao sana, bali alihamia Langoni, akajenga kibanda miongoni mwa wale aliowasomesha.

Mwishoni mwa karne hiyo alipata kiwanja cha wakfu huko juu mchangani, ukingoni mwa mji, mahali ambapo hakuna mwungwana aliyepatamani. Hapo ndipo iliposimama Riyadha, kwanza kwa udongo na makuti. Manung'uniko hayakwisha. Kulikuwa na waliokataa maulidi ya Habshi kusomwa kwa matwari msikitini, na waliouliza vipi mtu wa chini akae safu moja na bwana wake. Serikali ilifuta utumwa katika sharia za pwani ya Kenya mwaka 1907. Riyadha ilikuwa imekwisha kuwakalisha watu hao pamoja kabla ya hapo.

Tutazame hekima ya wakfu katika jambo hili. Kiwanja cha ukoo huulizwa daima ni cha nani, na jibu ndilo huzaa ugomvi. Kiwanja cha wakfu kimetolewa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Hakiuzwi wala hakirithiwi. Mwenye kutaka kumfukuza mwanafunzi hapo hakuwa na ukoo wa kumshitaki.

Habib Swaleh alifariki katikati ya miaka ya 1930. Wanawe, Ahmad Badawy na Idarus, waliendeleza kazi. Udongo uligeuka mawe, na wanafunzi walifika kutoka pande nyingi za Afrika ya Mashariki. Kila Mfungo Sita, umati wa watu huenda huko kwa maulidi, kisha hufuatana kulizuru kaburi lake. Ukingo wa mji umekuwa moyo wake.

Tangu mwaka 2001 mji mkongwe wa Lamu umo katika orodha ya turathi za dunia, na kujenga humo kwahitaji idhini. Vilima vya Shela vilivyo karibu, ambavyo chini yake ndimo yalimo maji matamu ya mji, navyo vimegombaniwa kwa sababu ya viwanja vyenye kuitazama bahari. Mchanga ambao zamani haukuwa na mwenyewe leo una bei kubwa. Wanaopima viwanja hivyo na wanaotia sahihi karatasi zake wafikiri maji ya nani yatamshukia nani, na ni nani atakayezuiwa kupita.

Mola amrehemu Habib Swaleh, amlaze pema. Amin.