Liyongo na Walinzi wa Gereza Lake

Kuna kisa ambacho walimu wengi wa Kiswahili nchini wamekisimulia darasani, nacho ni kisa cha Fumo Liyongo. Wanafunzi hukumbuka nguvu zake, upinde wake, na ile sindano ya shaba iliyomwua. Mimi, kila ninapokirejea, fikira zangu huwaendea watu ambao utenzi haukuona haja ya kuwapa majina: askari waliomlinda gerezani. Naona wanastahili kutazamwa, maana kila nafasi za uaskari jela zinapotangazwa vijana wetu hujitokeza kwa wingi kuzitafuta, na ni wachache miongoni mwao waliowahi kuambiwa kazi hiyo ni ya namna gani.

Liyongo alikuwa mtu wa nchi iliyo karibu na mlango wa mto Tana, katika sehemu ambazo leo zimo katika eneo la Garsen. Mji wake, kwa mujibu wa masimulizi, ulikuwa Shaka, upande wa bara. Watu wa Ozi na Kipini humhesabu kuwa wao, na Ozi ndiko kunakotajwa kaburi lake. Wataalamu hawajapatana juu ya karne aliyoishi. Lililo wazi ni kwamba Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu wa Unguja, alikichapisha kisa chake mwaka 1870, na mwaka 1913 Muhamadi Kijumwa wa Lamu akakitungia utenzi unaosomwa mpaka leo. Haya ninayoyaeleza ni kama yalivyopokewa katika masimulizi hayo.

Yasemwa kuwa alikuwa mrefu kupita kiasi, hodari wa upinde, na mshairi ambaye nyimbo zake ziliimbwa katika ngoma za gungu. Waoromo, ambao utenzi unawaita Wagala na ambao jamaa zao Waorma wangali wakifuga ng'ombe katika bonde la Tana, walistaajabia umbo na nguvu zake hata wakamwoza binti yao ili wapate mbegu yake. Mke huyo alimzalia mwana wa kiume. Basi Liyongo akawa na sifa kisiwani na bara, kwa Waswahili na kwa wafugaji.

Sifa hizo ndizo zilizomponza. Mfalme wa Pate alihofu kuwa mtu anayependwa hivyo ataunyakua ufalme. Kwanza aliwaahidi fedha wawindaji wa msituni, Wasanye na Wadahalo, wamletee kichwa chake. Wakapatana na Liyongo kula makoma kwa zamu, kila siku mmoja akipanda mkoma kuwaangulia wenziwe, wakinuia kumpiga mishale siku atakapokuwa juu. Zamu yake ilipofika, Liyongo hakupanda. Alisimama chini, akayaangusha makoma kwa mishale yake, na wale wawindaji wakatambua kuwa wameshindwa.

Ndipo mfalme alipotumia gereza. Liyongo alikamatwa katika ngoma, akafungwa minyororo, akawekewa walinzi, na siku ya kuuawa ikapangwa. Katika masimulizi hakuna kadhi aliyemhukumu wala kosa alilosomewa. Kosa lake lilikuwa hofu ya mwenye enzi, na gereza lilikuwa mahali pa kuificha hofu hiyo.

Mama yake, Mbwasho, alikuwa akimpelekea chakula kwa mkono wa kijakazi aitwaye Saada. Kila chakula kizuri kilipofika mlangoni, askari walikichukua wakala wao, na mfungwa akaachiwa kisichofaa. Liyongo akaituliza hasira yake, akafikiri. Akampa Saada ujumbe, na mama akauelewa. Alipika mikate mizuri, kisha akaoka na mmoja wa wishwa, yale makapi ambayo mtu mwenye kujiheshimu hali, na ndani yake akatia tupa. Askari waliila mikate mizuri kwa furaha. Ule wa wishwa waliudharau, wakamtupia mfungwa.

Mfungwa aliye karibu kuuawa huulizwa haja yake ya mwisho, na Liyongo akaomba apigiwe gungu. Usiku watu walikusanyika nje kwa matari na matasa, naye akiwa ndani akawaongoza kwa nyimbo alizozitunga mwenyewe. Wakati kelele za ngoma zilipopanda, tupa ilikuwa ikikata chuma. Minyororo ilipokatika alitoka, na wale askari hawakuwa na uwezo wa kumzuia.

Hapo ndipo ninapotaka msomaji atue kidogo. Gereza la mfalme halikukosa minyororo, mlango wala walinzi. Tupa ilipita mbele ya macho yao, nao hawakuiona kwa sababu walikuwa wamezoea kula haki ya mfungwa. Laiti wangeukagua mkate wa wishwa kama walivyoikagua ile mikate mizuri, Liyongo asingetoka. Tamaa ya mlinzi ndiyo iliyokuwa ufa katika ukuta ule. Tena askari hao walijifunza kwa mkubwa wao, maana mfalme asiyejali haki ya mtu hawezi kuwa na walinzi wanaoijali.

Mwisho wa Liyongo unajulikana. Mfalme alimrubuni mwanawe kwa ahadi za cheo na ndoa, naye kijana akamwuliza baba siri ya mauti yake, kisha akamchoma kitovuni kwa sindano ya shaba hali amelala. Liyongo aliinuka, akenda mpaka kisimani, akapiga goti na kuuvuta upinde wake, akafa katika hali hiyo. Watu wa mji wakakaa siku kadhaa bila kuthubutu kuteka maji, wakidhani yu hai. Mwana huyo hakuyafaidi aliyoahidiwa.

Bonde la Tana lilishuhudia gereza jingine baadaye, na hili si la masimulizi. Huko Hola, kaskazini mwa Garsen ukifuata mto, serikali ya kikoloni iliwaweka wazuiliwa wa Mau Mau walioshikilia kutofanya kazi za kulazimishwa. Afisa mwandamizi wa Magereza, John Cowan, aliandika mpango wa kuwafanyisha kazi kwa nguvu. Tarehe 3 Machi 1959 askari waliwapiga kwa marungu, na wazuiliwa 11 wakafa. Wakubwa walitangaza kwanza kwamba vifo hivyo vilihusiana na maji waliyokunywa. Uchunguzi ukaonyesha kuwa walikufa kwa kipigo, na hakuna aliyeshtakiwa kwa mauaji hayo.

Pate, walinzi waliharibikiwa kwa tamaa; Hola, waliharibikiwa kwa utiifu usiohoji. Katika mikasa yote miwili uoza ulianza juu. Hata hivyo mkono uliochukua chakula na mkono uliopiga rungu ulikuwa wa askari wa kawaida, mtu aliyeajiriwa labda kwa furaha ya jamaa zake.

Leo Kenya ina sheria asizokuwa nazo Mbwasho. Ibara ya 51 ya Katiba ya mwaka 2010 inasema kuwa mtu aliyefungwa hubaki na haki zake, isipokuwa zile zisizopatana na kule kufungwa kwenyewe, na mwaka 2014 Bunge lilipitisha sheria maalumu juu ya watu walionyimwa uhuru wao. Ni hatua za kushukuriwa. Lakini sheria haisimami mlangoni wakati kikapu cha chakula kinapofika. Anayesimama pale ni askari, na nyuma yake yuko mkubwa wa gereza ambaye askari huyo humtazama ili ajue lipi linaruhusiwa.

Kwa hiyo nawaomba walimu wenzangu, tutakaposoma tena kisa cha Liyongo, tusiishie kwenye urefu wake na sindano. Tuwaulize wanafunzi ni nani aliyekula ile mikate mizuri, na kwa nini hakuna mkubwa aliyemkataza. Katika darasa hilo huenda ameketi kijana ambaye siku moja atakabidhiwa funguo za gereza, na heri swali hilo alikute shuleni kuliko kulikuta kazini.