Mo Amin: Msee wa Eastleigh Aliyelazimisha Dunia Kuangalia

Wasee wa Kitale na Bungoma, hii ni yenu. Kila wikendi kuna mbogi iko mtaani na kamera. Mmoja anapiga magunia ya mahindi yakipakiwa kwa lori Kitale, mwingine yuko Bungoma anasaka maboda wakigombania abiria kwa steji, na wengi wenu mnatumia simu yenye kioo imepasuka. Swali huwa ni lile lile: nitaomoka aje na picha za mtaa kama siko Nairobi, sina lenzi ya maana na sina karatasi ya koleji? Hiyo ya karatasi naielewa, hata mimi niliacha koleji katikati.

Motisha za bure mko nazo za kutosha. Leo chukueni maisha ya mtu mmoja, Mohamed Amin, ule watu walikuwa wanamuita Mo.

Kisanduku chenye kitufe kimoja

Mo alizaliwa Eastleigh, Nairobi, tarehe 29 Agosti 1943. Buda yake alikuwa mtu wa reli, na kazi ikahamisha familia hadi Dar es Salaam. Huko Dar, akiwa na miaka kama 11, ndio alipata kamera ya kwanza, Box Brownie ya mkono wa pili.

Kama hujawahi kuiona hiyo kamera, ni kisanduku tu. Hakuna kuvuta kitu kilicho mbali, hakuna kufuta, na filamu moja inatoa picha 8 basi. Wewe leo unapiga kikombe kimoja cha chai mara 40 ndio uchague moja ya kuposti. Ukiwa na picha 8 pekee unajifunza kungoja, na kwa sababu lenzi haivuti, unatembea mpaka umfikie mtu. Hiyo tabia ya kusogea karibu Mo hakuiacha mpaka mwisho.

1963, akiwa na miaka 20, akafungua kampuni yake Dar, akaiita Camerapix. Rada yake ilikuwa safi: alibeba kamera ya picha na kamera ya filamu kwa pamoja. Tukio moja, picha zinaenda kwa magazeti, filamu inaenda kwa televisheni za ng'ambo. Safari moja, doh mara mbili.

Zanzibar ilimpa jina, kisha ikampa jela

Januari 1964 Mapinduzi ya Zanzibar yalipolipuka, Mo akavuka bahari na kamera zake. Wanahabari wakubwa wa Ulaya walikuwa bado wanatafuta njia ya kufika, na kijana wa Dar tayari alikuwa na mzigo wa kuuza. Jina likaanza kujulikana.

Lakini hii kazi ina bei. 1966 alishikwa hapo hapo Zanzibar na kuwekwa ndani karibu mwezi mzima. Hakukuwa na mitandao ya kupigia kelele wala watu wa kusambaza jina lake. Baada ya hapo makao yake yakawa Nairobi, na Camerapix ikaja naye.

Jumamosi moja barabarani

Tarehe 5 Julai 1969, mchana, Tom Mboya alipigwa risasi akitoka kwa duka la dawa Government Road, ile barabara leo tunaita Moi Avenue. Mo alifika mapema na akarekodi watu wakihangaika kuokoa maisha ya waziri. Wale hatukuwa tumezaliwa tunaijua siku hiyo kwa sababu ya picha kama hizo.

Angalia hapo kitu. Hakuna mtu alikuwa amemwalika. Ilikuwa barabara ya kawaida, siku ya kawaida, watu wakifanya shoping ya wikendi. Mtaa hautumi barua ya mwaliko kabla historia ifike. Aidha uko tayari, ama unasimuliwa.

Korem, 1984

Hii ndio picha iliyombeba mpaka leo. Ethiopia ilikuwa na njaa kali, na serikali ya Mengistu haikutaka kamera huko kaskazini. Mo alikuwa amejenga urafiki na watu Addis Ababa kwa miaka mingi, akasukuma na kubembeleza mpaka ruhusa ikatoka. Oktoba 1984 akafika Korem pamoja na Michael Buerk, mwanahabari wa BBC.

Walikuta maelfu ya watu kwenye uwanda baridi, asubuhi, wengi wakiwa wamefariki usiku. Ukiitazama ile filamu leo utaona Mo hakukimbia na kamera huku na huku. Inapita polepole, inasimama kwa uso wa mama, inakaa na mtoto mpaka wewe unayeangalia unashindwa kugeuza macho. BBC iliionyesha tarehe 23 Oktoba, kisha ikazunguka dunia.

Msanii Bob Geldof aliiona akiwa kwake, akakusanya wenzake wa Uingereza wakatoa wimbo mwisho wa mwaka. Marekani nao wakatoa wao 1985, Michael Jackson na Lionel Richie wakiwa watunzi. Tarehe 13 Julai 1985 ikawa Live Aid, tamasha la London na Philadelphia kwa siku moja. Mamilioni ya pesa yalichangwa kwa sababu mtoto wa Eastleigh hakukubali kuambiwa hakuna njia.

Lakini tuseme ukweli. Kuna Waafrika wengi walilalamika kwamba baada ya Korem, dunia ilituzoea kama watu wa njaa tu. Hilo lalamiko lina uzito mpaka leo. Ila Mo mwenyewe hakupiga njaa pekee. 1978 alitoa kitabu cha picha za safari ya Hija Makka. 1981 akatoa kingine kuhusu Ziwa Turkana na watu wake, ile dunia iko mbele yenu mkitoka Kitale, mkipita Kapenguria na kushuka Lodwar. Mtu anayekaa na sehemu kwa muda mrefu huona zaidi ya maafa yake.

Mkono, halafu ndege

Juni 1991, Addis Ababa, ghala la silaha lililipuka Mo na timu yake wakiwa karibu wanarekodi. John Mathai, Mkenya aliyekuwa anashika sauti, akafariki hapo. Mo akapoteza mkono wa kushoto. Wengi wangestaafu, na hakuna mtu angewalaumu. Yeye alitafuta mkono wa bandia unaoweza kushika kamera na akarudi kazini.

Tarehe 23 Novemba 1996 alikuwa kwa ndege ya Ethiopian Airlines kutoka Addis kuja Nairobi. Watekaji watatu wakaiteka na kudai ipelekwe Australia. Mafuta yakaisha, ndege ikaanguka baharini karibu na ufuo wa Comoro. Kati ya watu 175 walioabiri, 125 walikufa. Mo alikuwa mmoja wao, pamoja na mwandishi mwenzake Brian Tetley. Alikuwa na miaka 53.

Shule aliyoiacha

Mwanawe, Salim, hakuacha kazi ife na mzee. Mohamed Amin Foundation ilianzisha shule Nairobi 1998 ya kufunza vijana utangazaji na kamera. 2006 Salim akatoa filamu kuhusu babake, *Mo & Me*, na hakumpamba. Inaonyesha pia nyumba ambayo baba alikuwa hayupo sana, kila mara akiwa kwa vita ya mtu mwingine. Ukitaka kuiga Mo, jua hata hiyo sehemu ya bili.

Sasa wewe, na simu yako

Moja, tembea. Ukiwa ng'ambo ya barabara na umevuta kwa simu, picha itakuwa na watu wadogo na hadithi ndogo. Vuka, salimia, uliza jina.

Mbili, jua mpaka. Bungoma, Agosti ya kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, vijana wanazunguka na kengele za chinyimba kualika wajomba kwa tohara. Piga vumbi, piga nyimbo, piga shangazi akicheza. Kisu na uchi wa mtoto wa wenyewe achana nao. Mo alikaa karibu na watu wakiwa katika hali mbaya zaidi, na ndio maana polepole yake ilikuwa na heshima.

Tatu, weka. Andika tarehe na mahali kwa kila picha, na uihifadhi mahali simu ikiibiwa haipotei. Mo alibaki na mamilioni ya picha ofisini, ndio leo kuna kitu cha kuonyesha. Hata Kitale Museum ilianzia kwa tabia ya mtu mmoja, Kanali Stoneham, aliyekuwa anakusanya wadudu, ndege na vitabu hadi alipofariki 1966. Watu walidhani ni mchezo.

Kile kibanda cha mama wa chapati, ile steji, ule ukuta wa sinema ya zamani, vinabomolewa moja moja na hakuna anayetangaza. Anza na mtaa wako wiki hii, kabla tingatinga halijafika.