Kamante Gatura, mpishi asiyekuwa na pupa

Wanafunzi wetu wa fasihi humfahamu Karen Blixen, mwandishi wa Denmark aliyeishi chini ya vilima vya Ngong kuanzia 1914 hadi 1931, na ambaye kitabu chake kuhusu shamba lake la kahawa kilitoka mwaka wa 1937. Ni wachache mno wanaomfahamu aliyempikia. Nami nimeonelea leo nimzungumzie huyo mpishi, Kamante Gatura, hasa wakati huu ambapo katikati ya jiji letu chakula cha mchana humezwa kwa dakika 10, mlaji akiwa wima, jicho lake likiwa kwenye saa.

Kamante alikuwa Mkikuyu, mtoto wa mmoja wa maskwota wa shamba hilo. Blixen alimkuta akichunga mbuzi, mtoto wa yapata miaka 9, miguu yake imejaa vidonda. Dawa za pale shambani ziliposhindwa, alipelekwa katika hospitali ya misheni ya Waskoti, akakaa huko miezi 3. Siku ya Pasaka alirejea, miguu ingali imefungwa bandeji. Aliketi akazifungua polepole mbele ya bibi huyo, hadi ngozi nzima ikadhihirika. Tangu utotoni, basi, alikuwa mtu asiyeharakisha jambo jema. Alipewa kazi ya kutunza mbwa, kisha akawa msaidizi wa jikoni, na mpishi mzee, Esa, alipofariki, jiko likawa lake.

Blixen alikuwa amefunzwa mapishi na Mfaransa mmoja alipokwenda kwao, naye akamfunza Kamante. Kijana huyo hakujua kusoma, hivyo vitabu vya mapishi havikumfaa kitu. Aliyahifadhi yote kichwani, na hapa ndipo mimi, niliyezoea kuchunguza majina, ninapokawia. Kila mchuzi aliupa jina la tukio la siku aliyofundishwa kuupika. Mmoja ulikuwa mchuzi wa radi iliyopiga mti, na mwingine mchuzi wa farasi wa kijivu aliyekufa. Baadhi ya wazungu waliona kichekesho. Lakini je, rika za Agikuyu hazikupewa majina ya matukio ya mwaka wa jando? Na Waluhya hawamwiti Wafula mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua, na Wanjala aliyezaliwa wakati wa njaa? Kamante alitumia kanuni ya kwao kutunzia maarifa ya kigeni, wala hakuwahi kuchanganya mchuzi mmoja na mwingine.

Jambo moja tu lilimshinda, au pengine alilikataa: utaratibu wa kizungu wa kipi kitangulie mezani na kipi kifuate. Wageni walipotarajiwa, ilimbidi Blixen amchoree: kwanza bakuli la supu, halafu samaki, halafu kwale.

Wakati mmoja aliletewa mashine ya kupigia mayai. Aliiweka kando, ikaota kutu. Yeye alichukua kisu cha kupalilia majani ya bustani akaupiga ute wa mayai kwa mkono wake, ukaumuka kama wingu. Mwaka wa 1928 mrithi wa kiti cha ufalme wa Uingereza alikula chakula cha jioni katika nyumba hiyo na kuusifu mchuzi mmojawapo. Miezi mingi baadaye Kamante bado alitaka asimuliwe tena jinsi mgeni huyo alivyoufurahia.

Hata hivyo, vyakula hivyo vya kigeni yeye mwenyewe hakuvijali sana. Mara kwa mara alimletea Blixen kiazi kitamu cha kuchoma au kipande cha mafuta ya kondoo. Blixen alilinganisha zawadi hiyo na mfupa ambao mbwa aliyelelewa na watu humwekea bwana wake. Mlinganisho huo naukataa, ijapokuwa mwandishi namheshimu. Aliyemlisha mwenzake mapishi ya Ufaransa miaka nenda miaka rudi, kisha akamletea kiazi cha jikoni kwao, alikuwa mwenyeji anayemkaribisha mgeni. Nawaomba walimu wenzangu wanaofundisha kitabu hicho wasiipite sehemu hiyo kimyakimya.

Blixen alipofilisika na kuondoka mwaka wa 1931, Kamante alimpelekea habari zake kwa barua, akiwatamkia waandishi wa kulipwa waliokuwa wakiketi nje ya posta. Blixen alifariki mwaka wa 1962. Mnamo 1975 Mmarekani Peter Beard alichapisha kitabu cha masimulizi na michoro ya Kamante, na kwa mara ya kwanza tukalisoma shamba lile kwa upande wa jikoni. Kamante aliaga dunia mwaka wa 1985.

Miongo miwili hivi baada ya kuondoka Kenya, Blixen alitunga hadithi ya Babette, mpishi wa Paris anayetumia fedha zake zote kuandaa karamu moja kwa wanakijiji wasiojua ladha. Filamu yake ya 1987 ilishinda tuzo ya Oscar. Wahakiki humtafuta Babette Ufaransa. Mimi kila niisomapo hadithi hiyo namwona kijana wa Ngong ameshika kisu cha kupalilia, mayai yakiumuka. Nyumba ya Blixen sasa ni makumbusho, huko mtaani Karen. Mwalimu atakayewapeleka wanafunzi wake huko na awaanzishie ziara jikoni, kabla ya sebule na vitabu vyake.