Edgar Degas na Wapanda Farasi Wake

Muhula uliopita nilipewa miwani, na tangu siku hiyo jina langu bwenini ni Macho Manne. Nikawa najificha maktabani. Huko ndiko nilikokutana na Edgar Degas, katika kitabu cha picha kisicho na jalada.

Picha iliyonishika ni ya mwaka 1894. Wapanda farasi wa mashindano wanatembeza farasi wao polepole nyikani. Hakuna mbio, hakuna mashabiki. Lakini rangi, jamani! Nguo zao zinawaka kama makaa, na nyuma yao milima imeiva zambarau. Nyuso hata hazionekani vizuri.

Degas alizaliwa Paris, Ufaransa, tarehe 19 Julai 1834. Baba alikuwa mtu wa benki. Mama alifariki mtoto akiwa na miaka 13. Alianza kusomea sheria, akaiacha upesi. Mwaka 1866 alionyesha picha kubwa ya mpanda farasi aliyeanguka, na watu wakaipita tu. Hakuiuza. Alikaa nayo, akiigusagusa tena na tena, mpaka kufa.

Vita na Wajerumani vilipozuka mwaka 1870, alijiunga na walinzi wa Paris. Akifunzwa kulenga bunduki, ikagunduliwa kuwa jicho lake la kulia ni bovu. Ati mchoraji! Hofu ya upofu haikumwacha tena. Baba akafa mwaka 1874, familia ikabaki na madeni, naye Degas akauza nyumba na picha alizorithi ili kuyalipa. Sasa ikambidi achore ndipo ale.

Kadiri macho yalivyofifia ndivyo alivyozidi kushika chaki za rangi, akipaka tabaka juu ya tabaka. Farasi hao hakuwachora uwanjani. Aliwachorea chumbani, kwa kumbukumbu, na wengine aliwafinyanga kwa nta, vidole vikimsaidia pale macho yaliposhindwa.

Tusidanganyane, hakuwa mtu mwema kwa kila mtu. Wakati wa kesi ya Dreyfus aliwachukia Wayahudi waziwazi, hata akawatupa marafiki wa miaka mingi. Hilo lilinikera sana, nikafunga kitabu siku mbili.

Alifariki Paris tarehe 27 Septemba 1917, karibu kipofu kabisa. Chumbani mwake zilikutwa sanamu zipatazo 150, nyingi zimevunjika.

Kitabu kile nimekiazima mara nne sasa. Kwanza huvua miwani: milima inayeyuka, farasi wanapotea, rangi zinabaki. Halafu naivaa tena.