Bibi Salme: Mama Aliyelea Wanawe Ugenini

Tarehe 29 Februari, 1924, katika mji wa Jena, nchini Ujerumani, alifariki dunia bibi mmoja mwenye umri wa miaka 79. Majirani zake walimjua kwa jina la Emily Ruete, mjane, mama wa watoto watatu na bibi wa wajukuu kadhaa. Sisi wa visiwa hivi tunamjua kwa jina alilopewa na wazazi wake: Salme binti Said, mzaliwa wa Mtoni, Unguja.

Habari zake zimesimuliwa mara nyingi, na kwa kawaida zimesimuliwa kwa namna mbili. Wako wanaomtaja kuwa ni binti wa mfalme aliyetoroka na Mzungu, wakaishia hapo. Wako pia wanaomfanya pambo la kuvutia watalii. Leo tunapenda kumtazama kwa upande ambao haukupewa haki yake, nao ni upande wa mama aliyebaki peke yake na watoto katika nchi isiyokuwa yake, akawalea mpaka wakawa watu wazima.

Alizaliwa tarehe 30 Agosti, 1844, katika jumba la Beit el Mtoni, kando ya bahari, kaskazini ya mji. Baba yake alikuwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria kutoka nchi ya Wachirkasi, aliyetekwa vitani akiwa mtoto mdogo na kuletwa mbali na kwao. Katika jumba lile waliishi watu wapatao 1,000, mabwana na watumwa pamoja, na lugha zilizosikika zilikuwa nyingi. Salme alikua akisema Kiswahili na Kiarabu.

Katika chuo watoto wa kike walifundishwa kusoma, lakini kuandika hawakufundishwa. Salme hakuridhika. Alichukua mfupa wa bega la ngamia, akawa ananakili herufi za Msahafu kwa siri mpaka mkono wake ukazoea. Tunaomba msomaji aliweke jambo hili moyoni, maana ndilo lililokuja kumponza, na ndilo lililokuja kumwokoa.

Sayyid Said alifariki mwaka 1856 akiwa baharini, na mamlaka yakagawanyika, Thuwaini akashika Oman na Majid akashika Zanzibar. Mwaka 1859 maradhi ya kipindupindu yalimchukua Jilfidan. Katika mwaka huo huo ndugu yake mwingine, Barghash, alitaka kumpindua Majid, na Salme, kwa kuwa alijua kuandika, akafanywa mwandishi wa njama zile angali msichana. Njama ilishindwa kwa msaada wa Waingereza, Barghash akapelekwa Bombay, na Salme akabaki akitazamwa kwa jicho baya na pande zote mbili. Ndugu waliogawanyika kwa ajili ya kiti hawakupatana tena kwa moyo safi.

Ndipo alipojuana na Rudolph Heinrich Ruete, mfanya biashara kijana wa Hamburg aliyekuwa jirani yake mjini. Alipopata mimba hakuwa na usalama tena. Mwezi Agosti, 1866, alipanda manowari ya Kiingereza iitwayo Highflyer, akapelekwa Aden. Huko alimzaa mtoto wa kiume mwezi Desemba. Tarehe 30 Mei, 1867, Ruete alipokwisha kufika, Salme alibatizwa, akaitwa Emily, na siku ile ile wakaoana. Yule mtoto wake wa kwanza alifariki njiani, kabla hawajafika Ujerumani. Kwa hiyo alipoingia katika nyumba ya mumewe, msiba ulikuwa umekwisha kumtangulia.

Wazee wetu walisema mwacha mila ni mtumwa, na wako watakaosema kwamba mambo yote yaliyomfika baadaye yalitokana na uamuzi wake. Hatukukusudia kubishana nao. Aliiacha dini ya wazazi wake na kuivunja amri ya ukoo wake, na jamii yake ilikuwa na haki ya kuhuzunika. Hukumu ya moyo wa mtu si kazi ya gazeti. Tunachoweza kukipima ni matendo, na matendo yaliyofuata yanahusu watoto ambao hawakuwa na kosa lolote.

Huko Hamburg alizaa watoto watatu katika muda wa miaka mitatu: Antonie mwaka 1868, Rudolph mwaka 1869 na Rosalie mwaka 1870. Kila mmoja alipewa na jina la pili la Kiarabu: Thawka, Said na Ghuza. Bwana na bibi walizungumza Kiswahili, maana Kijerumani alikuwa bado anajifunza. Mwezi Agosti, 1870, Ruete alianguka alipokuwa akiteremka kwenye gari la abiria la reli ya mjini, akaumia, na baada ya muda mfupi akafa. Salme alikuwa hajatimiza miaka 26. Mtoto mkubwa hakuwa amefikia miaka mitatu, na mdogo alikuwa na umri wa miezi isiyozidi minne. Tangu siku ile hapakuwa tena na mtu nyumbani wa kusema naye lugha yake.

Uchungu wa mwana aujua mzazi. Madai yake ya urithi hayakukubaliwa na wenye mamlaka. Mtu aliyezaliwa katika jumba lenye watumishi mamia alilazimika kujifunza kuhesabu senti, kupika, kushona na kuwasha moto wa baridi. Alihama kutoka Hamburg kwenda Dresden, kisha Rudolstadt, kisha Berlin, akitafuta mahali ambapo maisha yalikuwa rahisi zaidi na shule za watoto zilikuwa nzuri. Alijipatia riziki kwa kufundisha Kiarabu na Kiswahili. Mkono uliojifunza kuandika kwa siri juu ya mfupa wa ngamia sasa ulikuwa unalisha watoto watatu.

Njia nyepesi ilikuwapo, nayo ni kuwagawa watoto kwa jamaa na yeye kutafuta kwa kwenda. Hakuifuata. Badala yake aligonga kila mlango. Mwaka 1875, Sayyid Barghash, ambaye sasa alikuwa ndiye mtawala wa Zanzibar, alipozuru London, dada yake alisafiri kwenda kumwona ili waelewane. Wakuu wa Kiingereza walimtaka aache nia yake, wakampa matumaini kwamba watoto wake watasaidiwa katika elimu. Akakubali kwa ajili ya wanawe, akaacha kumwona ndugu yake. Baadaye aliambiwa kuwa yeye ni raia wa Ujerumani, na ahadi ile ikapotea.

Miaka kumi baadaye Wajerumani nao walimwona kuwa ni chombo cha kufaa. Walikuwa wamekwisha kujitangazia himaya katika nchi za bara, na Barghash alikuwa amepinga. Mwezi Agosti, 1885, manowari zao zilitia nanga mbele ya mji wa Unguja, na Bibi Salme akaletwa pamoja na watoto wake. Yeye alikuja kudai haki yake ya urithi na kuwaonyesha wanawe nchi ya mama yao. Serikali iliyomleta ilikuja kwa shabaha nyingine kabisa. Wananchi wengi mjini walimlaki kwa furaha, lakini Barghash alikataa kumwona. Sultani alipokubali matakwa ya Wajerumani, madai ya mjane yule hayakuwa na uzito tena. Alirudi mara ya pili mwaka 1888, baada ya Barghash kufariki, na mara hiyo pia akaondoka mikono mitupu. Hakuiona tena Unguja.

Hapa pana funzo kwa kila mwenye madaraka. Mataifa mawili makubwa yalimtumia mama mwenye shida kwa faida yao, na kila moja lilimwacha lilipokwisha kupata lilichotaka. Na ndugu waliokuwa na uwezo wa kuyamaliza mambo nyumbani waliwaachia wageni nafasi ya kuyaingilia. Ugomvi wa nyumba moja ukawa ufunguo mikononi mwa mtu wa nje.

Kitu kimoja hakikuweza kunyang'anywa na yeyote. Afya yake ilipokuwa dhaifu, alihofu kwamba atakufa kabla wanawe hawajawa na akili ya kuelezwa asili yao. Basi akaanza kuwaandikia habari za maisha yake. Hakukusudia kuzitoa kwa watu, lakini hatimaye zilichapishwa mjini Berlin mwaka 1886, na tafsiri ya Kiingereza ikatoka mwaka 1888. Hivyo kitabu ambacho wataalamu wa historia hawawezi kukiacha wanapoeleza maisha ya ndani ya majumba ya Zanzibar kilianza kama wasia wa mama kwa watoto wake.

Hatuwezi kukisifu kitabu hicho bila kusema kasoro yake. Humo aliutetea utumwa na kuwasema vibaya watu weusi waliomtumikia, na hali mama yake mwenyewe alikuwa mtu aliyetekwa utotoni. Maneno hayo hatuyakubali, na wengi wa wasomaji wetu ni wajukuu wa watu walioteswa na biashara hiyo. Katika mji wa Hamburg kiwanja kimoja kilipewa jina lake mwaka 2019, na muda si mrefu jina hilo likaondolewa kwa sababu hiyo hiyo. Mtu aweza kuwa mama mwema kwa wanawe na asione machozi ya mtoto wa mwingine. Tukiwafundisha vijana wetu habari zake, tuwafundishe zote.

Baada ya mwaka 1888 hakukaa Ujerumani. Aliishi Jaffa, kisha Beirut, mpaka mwaka 1914, mahali ambapo alisikia tena Kiarabu kikisemwa njiani. Wanawe walikuwa wamekwisha kusimama. Rosalie aliolewa na afisa wa jeshi la Prussia. Antonie aliolewa na mtumishi wa serikali, akaishi naye katika visiwa vya Marshall, na akatunga kitabu cha mapishi kwa ajili ya watu wa nchi za joto. Rudolph Said alikuwa afisa wa jeshi, kisha akafanya kazi za reli na benki katika nchi ya Misri. Mwaka 1929 alitoa kitabu juu ya babu yake, Sayyid Said, na karatasi za mama yake zikahifadhiwa Leiden, Uholanzi. Kijana ambaye alifiwa na baba akiwa na mwaka mmoja alijua vyema kwao ni wapi. Ni nani aliyemfundisha ila mama?

Siku zake za mwisho Bibi Salme alikaa kwa binti yake Rosalie, karibu na wajukuu. Serikali ya Zanzibar, wakati wa Sayyid Khalifa bin Harub, ilimkumbuka kwa pensheni ndogo. Alipofariki, katika vitu vyake palikutwa mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Unguja, aliokuwa ameuhifadhi miaka yote. Alizikwa Hamburg, katika makaburi ya Ohlsdorf, kando ya mumewe, na mchanga ule ukazikwa pamoja naye.

Sasa tunawageukia wenzetu wa serikalini. Jumba la Mtoni alimozaliwa ni gofu, na bahari iko karibu nalo. Beit el Ajab, lililojengwa na Barghash mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake mwezi Desemba, 2020, na likachukua roho za watu. Jengo la kale halingoji vikao vyetu viishe. Tunaomba kazi ya kuyatunza yaliyobaki ifanywe kwa mpango na kwa fedha zinazoonekana katika makadirio. Vile vile habari za Bibi huyu ziwekwe mikononi mwa watoto wa shule za Unguja na Pemba, kwa Kiswahili chepesi na pamoja na yale yanayouma, wasije wakazisikia kutoka kwa watembeza wageni peke yao.

Jambo la mwisho ni kubwa kuliko majengo. Wako leo katika vijiji vyetu wajane wenye watoto wachanga, ambao mume akishazikwa hupigwa chenga katika mirathi, huzungushwa kutoka ofisi moja hadi nyingine, na hupewa ahadi kama ile iliyotolewa London mwaka 1875. Hawana manowari nyuma yao wala kitabu cha kuwatetea. Kadhi, sheha na ofisa wa ustawi wa jamii ndio mlango wao. Tunawaomba wenye milango hiyo waifungue mapema, na wakitoa ahadi waitimize.